Sura ya Saba: Picha Baada ya Mionzi

Mtu akitibiwa uvimbe, hutarajia picha inayofuata imwonyeshe uvimbe uliopungua. Kwa tezi ya shingoni au donge la kwenye ini, matarajio hayo yana msingi: nyama laini iliyokufa hufyonzwa na mwili, na nafasi yake hujifunga. Mfupa hauna desturi hiyo. Saratani ikishatoka kwenye figo, titi, pafu au tezi dume na kufanya maskani ndani ya pingili ya uti wa mgongo, huacha matundu, kovu na mfupa uliojengwa ovyo. Hata seli zake zote zikifa, matundu na kovu hubaki. Ndiyo maana kwenye MRI ya miezi mitatu baada ya mionzi, pingili iliyotibika yaweza kufanana na pingili ambayo saratani yake imeishinda tiba, na wakati mwingine iliyotibika ndiyo inayotisha zaidi.

Sura hii inaeleza namna madaktari wanavyozitofautisha hizo mbili, na kwa nini hukosea. Jambo la kushika tangu mwanzo ni moja: picha ya mgongo uliopigwa mionzi haijitoshelezi. Husomwa pamoja na tarehe ya matibabu, ramani ya dozi, na hali ya mgonjwa mwenyewe. Msomaji wa picha aliyekosa kimoja kati ya hivyo vitatu anabahatisha, hata awe bingwa wa namna gani.

Dozi kubwa mahali padogo

Kwa miongo mingi mgongo wenye saratani ulipigwa mionzi kwa upana: pingili inayougua, ya juu yake, ya chini yake, na chochote kilichokuwa njiani. Dozi zilizozoeleka, ambazo bado zinatumika, ni grei 8 kwa siku moja, grei 20 kwa siku tano, au grei 30 kwa siku kumi. Grei ni kipimo cha nishati ambayo mionzi huiacha mwilini. Dozi hizo ziliwekwa chini kwa sababu nyuma ya pingili nyingi hupita ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayouunganisha ubongo na mikono, miguu, kibofu na utumbo. Ugwe ukiharibiwa na mionzi mtu hupooza, na hakuna dawa ya uhakika ya kumrudisha alivyokuwa.

Mwaka 1951 Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo nchini Sweden, alitoa wazo la kupasua bila kisu: miale mingi myembamba, kila mmoja ukiwa dhaifu peke yake, ikutanishwe mahali pamoja. Kwenye ubongo iliwezekana, maana fuvu laweza kufungwa ndani ya fremu ya chuma lisicheze hata milimita. Kiwiliwili hakifungiki hivyo. Allan Hamilton na wenzake wa Arizona, walioripoti kazi yao mwaka 1995, walijaribu kubana chuma kwenye miiba ya pingili zenyewe, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Njia hiyo haikuweza kuwa ya kila siku. Kilichoondoa kikwazo ni picha. John Adler wa Stanford, aliyewahi kujifunza kwa Leksell, alibuni CyberKnife, mashine ya mionzi iliyoshikwa na mkono wa roboti, inayopiga eksirei katikati ya matibabu na kujisahihisha mifupa ikisogea. Baadaye mashine za kawaida za mionzi nazo zikaunganishwa na kifaa cha kupiga picha za CT palepale kitandani.

Leo pingili moja inaweza kupewa grei 24 kwa siku mbili, huku ugwe ulio milimita chache pembeni ukizuiwa usipite grei 17. Mteremko huo wa dozi, kutoka juu sana hadi chini ndani ya upana wa ukucha, ndio unaoamua mengi ya yatakayoonekana kwenye picha za baadaye.

Je, dozi hiyo kubwa inamsaidia mgonjwa? Kwa maumivu, majibu hayajakubaliana. Jaribio la Canada na Australia lililochapishwa mwaka 2021 liliwagawa wagonjwa 229 kati ya grei 24 kwa siku mbili na grei 20 kwa siku tano. Baada ya miezi mitatu, maumivu yalikuwa yamekwisha kabisa kwa asilimia 35 ya waliopewa mionzi iliyolengwa, na kwa asilimia 14 ya wenzao. Jaribio jingine, lenye wagonjwa 339, lililochapishwa Marekani mwaka 2023, lilishindanisha dozi moja ya grei 16 au 18 na dozi moja ya grei 8. Halikuona faida ya dozi kubwa: walioripoti nafuu walikuwa asilimia 41 dhidi ya 60. Majaribio yote mawili yalipima kwanza kabisa maumivu. Kama saratani imekufa au la ni swali jingine, na maumivu hayawezi kulijibu peke yake. Wapo wanaoumia zaidi siku chache baada ya mionzi kisha wakapona, na wapo wanaolala usingizi mzuri huku uvimbe ukiendelea kutambaa.

Mfupa unavyojionyesha

Ndani ya pingili ya mtu mzima mna uboho, na sehemu kubwa ya uboho huo ni mafuta. Katika aina ya picha ya MRI iitwayo T1, mafuta hung'aa. Saratani ikiingia huyafukuza mafuta, na mahali pake huonekana doa jeusi. Katika T2, na hasa ile inayofuta mwanga wa mafuta, maji ndiyo yanayong'aa: uvimbe hai, jeraha, damu na mfupa uliochubuka vyote vyaweza kuonekana vyeupe. Kisha kuna gadolini, dawa inayodungwa kwenye mshipa wa damu, ambayo huangaza kila palipo na mishipa mingi au inayovuja. Saratani ina mishipa ya namna hiyo. Kidonda kinachopona kinayo pia.

CT huona kitu kingine. Haiuoni uboho vizuri, lakini huiona chokaa ya mfupa kwa undani. Saratani ya figo na ya tezi ya thairoidi huutafuna mfupa na kuacha matundu. Ya tezi dume kwa kawaida hujenga mfupa mgumu, mweupe, usio na mpangilio. Ya titi hufanya yote mawili. Baada ya mionzi, matundu yaliyotafunwa huanza kujazwa mfupa mpya, na kwenye CT pingili hubadilika kuwa nyeupe. Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Doa dogo ambalo halikuonekana kabla ya matibabu linaweza kuanza kuonekana kwa sababu tu linapona na kujijaza chokaa. Mtu asiyejua kwamba pingili hiyo ilitibiwa ataandika kwamba pametokea saratani mpya.

Kanuni za kawaida za kupima uvimbe hazisaidii hapa. RECIST, utaratibu wa kimataifa uliopitiwa upya mwaka 2009 na unaotumika katika majaribio mengi ya dawa za saratani, huhesabu urefu wa vivimbe kwa milimita. Doa la mfupa lisilo na nyama iliyochomoza nje ya mfupa halihesabiwi humo kama kitu kinachopimika. Kwa daktari anayefuatilia ini na mapafu, hasara yake si kubwa. Kwa daktari ambaye uvimbe pekee alioutibu uko ndani ya pingili, kanuni hiyo inamwacha bila rula.

Miezi ya kwanza

Wiki za mwanzo baada ya dozi kubwa, seli zinakufa kwa wingi, mishipa midogo inavuja, na askari wa mwili wanamiminika kusafisha. Maji yanajaa. Uvimbe unaweza kunenepa, doa likaongezeka mipaka, gadolini ikaangaza zaidi ya awali. Hali hii, ambayo wataalamu huiita ukuaji bandia, hujitokeza zaidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha hutulia yenyewe bila tiba ya ziada. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2016 ziliikuta katika takriban asilimia 14 na 18 ya migongo iliyopewa mionzi iliyolengwa. Kwa hiyo si ajabu ya kuandikiwa jarida. Kliniki yoyote inayofanya matibabu haya itakutana nayo.

Madhara yake huanzia kwenye karatasi ya majibu. Imeandikwa kwamba uvimbe umeongezeka milimita nne. Binti aliyemsindikiza babake anauliza: "Daktari, kwa hiyo mionzi haikumsaidia mzee?" Daktari mwaminifu atajibu: "Bado sijui, dada. Kwanza niambie, mzee anatembeaje siku hizi?" Daktari mwenye haraka atabadilisha dawa ya saratani iliyokuwa ikifanya kazi, au atampeleka mgonjwa kwenye upasuaji asiouhitaji, au atampa mionzi mara ya pili juu ya mfupa ambao bado unauguza ile ya kwanza. Kila kimoja kati ya hivyo kina gharama, na hakuna kinachofutika.

Anayeutazama ufuo mara moja hawezi kusema kama maji yanajaa au yanakupwa. Lazima arudi baadaye. Hivyo ndivyo ilivyo kwa picha hizi, na ndiyo sababu tarehe ina uzito sawa na kipimo. Ongezeko la milimita nne katika mwezi wa nne lina maelezo mawili yanayowezekana. Ongezeko lilelile katika mwezi wa ishirini, baada ya picha kadhaa tulivu, lina maelezo yanayoelekea upande mmoja zaidi.

Alama nyingine ni mahali. Ukuaji bandia kwa kawaida hukaa ndani ya eneo lililopata dozi kubwa, kwa sababu ni mionzi yenyewe iliyousababisha. Saratani inayorudi hupenda kuanzia pembezoni, pale dozi ilipoanza kuteremka. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: sehemu iliyokua ilipata grei ngapi? Jibu halipo kwenye MRI. Lipo kwenye kompyuta ya idara ya mionzi, katika ramani ya mistari ya dozi iliyochorwa juu ya picha za mgonjwa kabla ya matibabu. Ramani hiyo ikilazwa juu ya picha mpya, mambo mengi hujieleza.

Ramani hujibu pia swali la uvimbe uliotokea jirani. Kwa makubaliano ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2012, sehemu za pingili ambazo hazikuonyesha ugonjwa mara nyingi huachwa nje ya lengo. Saratani ikiwa mbele, kwenye mwili wa pingili, ule mwiba wa nyuma unaweza usiguswe. Saratani ikijitokeza mwibani mwaka mmoja baadaye, pingili ni ileile lakini mionzi haikushindwa, kwa kuwa haikuwahi kufika pale. Mgonjwa huyo anaweza kutibiwa tena kwa njia ileile, jambo ambalo lisingefikiriwa kwa wepesi kama uvimbe ungekuwa umekua katikati ya dozi kubwa.

Kadiri miezi inavyopita, pingili iliyotibika huchukua sura zake. Mafuta yanaweza kurudi pembezoni mwa doa, yakaonekana kwenye T1 kama ukingo unaong'aa. Katikati panaweza kubaki peusi, pasipong'azwa na gadolini, kwa sababu ni nyama iliyokufa isiyo na damu. Na kuna pingili ambazo hazibadiliki kabisa: doa la mwaka wa tatu ni lilelile la mwezi wa kwanza. Kwa mfupa, kutobadilika ni ushindi. Mgonjwa asipoelezwa hivyo mapema, ataishi akidhani ana saratani ambayo madaktari wameshindwa kuiondoa.

Mpaka wa subira

Mwaka 2015 kundi la kimataifa la wataalamu wa mgongo lijulikanalo kama SPINO lilichapisha mapendekezo ya namna ya kufuatilia wagonjwa hawa. MRI ifanywe kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa mwaka wa kwanza hadi mwaka mmoja na nusu, halafu kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Isomwe na mtaalamu wa radiolojia pamoja na daktari wa mionzi, wote wawili. Ikiwa uvimbe umeonekana kukua na kuna shaka, picha irudiwe kabla ya kutangaza kwamba tiba imeshindwa.

Lakini kundi hilo halikufundisha subira ya kila mahali. Kati ya mfupa na ugwe kuna nafasi finyu yenye mafuta na mishipa ya damu. Uvimbe mpya ndani ya nafasi hiyo, au uliokuwepo ukaongezeka, unahesabiwa kuwa umekua, hata ukiwa mdogo. Unahesabiwa hivyo pia pale picha inapoleta shaka tu, lakini mgonjwa ameanza kupoteza nguvu au hisia kwa sababu ya uvimbe uliokuwa tayari katika nafasi hiyo.

Sababu ya ukali huo inatokana na ule mteremko wa dozi. Ili ugwe usalimike, mionzi hulazimika kushuka ghafla inapoukaribia. Saratani iliyojibanza ukutani mwa nafasi hiyo, milimita mbili au tatu kutoka kwenye ugwe, ndiyo inayopata dozi ndogo kuliko yote. Hapo ndipo inaponusurika, na hapo ndipo mara nyingi inaporudia. Yaani mahali penye uwezekano mkubwa wa ukuaji wa kweli ndipo mahali ambapo ukuaji huo una madhara makubwa kuliko pengine popote. Madaktari hupima nafasi hiyo kwa daraja kuanzia 0, uvimbe ukiwa ndani ya mfupa tu, hadi 3, ugwe ukiwa umebanwa na maji yanayouzunguka hayaonekani tena. Kuhama kutoka daraja moja kwenda jingine ni habari nzito kuliko sentimita nzima ya ongezeko upande wa mbele wa pingili.

Na mgonjwa haruhusiwi kusubiri tarehe ya kliniki ikiwa miguu imelegea ghafla, ganzi imeenea mapajani na sehemu za siri, au mkojo umegoma kutoka au unatoka bila taarifa. Hizo ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama MRI ya mwezi uliopita ilikuwa nzuri.

Pingili iliyobonyea

Chanzo kingine kikubwa cha majibu ya kutisha ni mfupa kuvunjika. Saratani iliyokuwa imeutafuna mfupa ilikuwa pia imejaa ndani yake. Ikifa, huacha ukuta mwembamba usio na mhimili, na mionzi yenyewe hudhoofisha mfupa uliobaki. Utafiti uliokusanya wagonjwa 252 wa hospitali kadhaa, wenye pingili 410 zilizotibiwa, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba pingili 57, sawa na asilimia 14, zilivunjika au mvunjiko wa zamani ukaongezeka. Nusu ya matukio hayo yalitokea ndani ya miezi miwili na nusu hivi. Hatari ilipanda pamoja na dozi ya kila siku, ikawa kubwa kuliko zote kwa waliopewa grei 24 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Iliongezeka pia kwa waliokuwa tayari na mvunjiko, mgongo uliopinda, au saratani ya kutafuna mfupa.

Pingili inapobonyea, ukuta wake wa nyuma unaweza kusukumwa kuelekea kwenye ugwe, damu na maji vikajaa, na gadolini ikaangaza. Kwa jicho la haraka, hiyo ni saratani iliyokua. Wenye uzoefu hutafuta tofauti: mstari wa mvunjiko unaokatiza pingili, ukuta uliorudi nyuma ukiwa na pembe kali za mfupa badala ya mviringo wa nyama, na CT inayoonyesha vipande vyenyewe. Tofauti hii inabadilisha tiba nzima. Mvunjiko wenye maumivu huweza kutibiwa kwa kudunga saruji ya mfupa kupitia sindano, au kwa vyuma vya kushikilia mgongo. Kuupiga mionzi zaidi ni kuubomoa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya mionzi hupigwa hesabu ya uimara wa mgongo, iitwayo SINS, yenye alama 0 hadi 18. Alama 0 hadi 6 ni mgongo imara. 7 hadi 12 ni wa mashaka. 13 na kuendelea ni mgongo unaohitaji jicho la daktari wa upasuaji kwanza. Msomaji wa picha anayejua kwamba mgonjwa alianza na alama 11 hatashangaa kuona pingili imebonyea katika mwezi wa pili.

Ugwe na jirani zake

Mara chache sana, kinachobadilika ni ugwe wenyewe. Mionzi ikiuzidi, kwenye T2 huonekana mng'ao ndani ya ugwe katika kimo kilekile kilichopata dozi kubwa, ugwe ukivimba na kuangaza kwa gadolini. Huchukua miezi kadhaa, mara nyingi karibu mwaka, kujitokeza. Mapitio ya wataalamu yaliweka mipaka ya dozi ya juu kabisa inayogusa ugwe, kama grei 17 kwa matibabu ya siku mbili na grei 12.4 hadi 14 kwa siku moja, ili hatari ibaki kati ya asilimia 1 na 5. Hapa tena ramani ya dozi hutenganisha mambo. Mng'ao ulio mbali na eneo la mionzi unahitaji maelezo mengine.

Misuli iliyo kandokando ya mgongo nayo huweza kujaa maji na kung'aa pale miale ilipopita. Mipaka yake hufuata njia ya mionzi badala ya umbo la msuli. Asiyejua ataandika maambukizi, au saratani ya msuli.

Sukari, damu na sindano

Picha zikigoma kuelewana, kuna vipimo vya nyongeza. PET hutumia sukari yenye mionzi kidogo kuona seli zinazokula sana. Saratani hai hula, iliyokufa haili. Lakini askari wa mwili wanaosafisha uwanja nao wanakula, na mfupa uliovunjika unaojiunga pia unakula, kwa hiyo PET iliyofanywa mapema mno huongeza shaka badala ya kuipunguza. Kwa kawaida husubiriwa kama miezi mitatu. Saratani ya figo pengine haipendi sukari hiyo hata ikiwa hai. Kwa tezi dume kuna PET ya aina nyingine, inayofuata protini ya PSMA iliyo juu ya seli zake.

Hospitali chache, Memorial Sloan Kettering ya New York ikiwa mojawapo, hupima kwa MRI wingi wa damu inayopita ndani ya uvimbe. Uvimbe uliouawa hupoteza mishipa yake kabla ya kupoteza ukubwa wake, kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kusema mapema kile ambacho rula itakisema baadaye.

Sindano ya kuchukua nyama huonekana kama hakimu wa mwisho, ila nayo ina udhaifu. Inaweza kuchoma sehemu iliyokufa na kuikosa iliyo hai sentimita moja pembeni. Inaweza pia kupata seli zinazoonekana nzima chini ya hadubini ilhali zimeshapoteza uwezo wa kugawanyika. Majibu ya sindano husomwa kama picha zinavyosomwa, pamoja na tarehe na ramani.

Faili linalosafiri

Afrika Mashariki, tatizo kubwa la usomaji huu huwa ni umbali kati ya aliyetibu na anayesoma. Hospitali ya Rufaa ya Kenyatta University, pembezoni mwa Nairobi, ina CyberKnife. Lakini wagonjwa wengi wa ukanda huu bado husafiri kwenda India kwa matibabu ya hali ya juu, kisha hufuatiliwa nyumbani. Anayeipokea MRI ya mwezi wa nne Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hupewa fomu yenye maneno mawili matatu: saratani, mgongo, ufuatiliaji. Hajui ni pingili ipi iliyotibiwa, kwa dozi gani, wala lini. Akiandika kwamba uvimbe umeongezeka, ameandika alichokiona. Kosa lilikuwa kwenye fomu.

Mgonjwa anaweza kuliziba pengo hilo mwenyewe. Kabla ya kuondoka kwenye hospitali iliyomtibu, aombe muhtasari wa mionzi wenye tarehe, pingili zilizolengwa, jumla ya dozi na idadi ya siku, pamoja na picha za kurasa za ramani ya dozi. Aombe MRI na CT za kabla ya matibabu zikiwa kwenye CD, maana ripoti ya karatasi haiwezi kulazwa juu ya picha nyingine. Kila anapokwenda kupigwa picha mpya, abebe vyote.

Na picha zilinganishwe na ile ya kabla ya mionzi, pamoja na zote zilizofuata. Kulinganisha na ya mwisho pekee huficha ukuaji wa taratibu: milimita moja kila miezi mitatu huandikwa hakuna badiliko mara nne mfululizo, na mwaka ukiisha ni milimita nne. Pingili nazo zihesabiwe upya. Watu wengi wana pingili tano kiunoni, wengine wana nne au sita, na hesabu ikianzia mahali tofauti, pingili inayolinganishwa leo siyo iliyotibiwa jana. Mwenye vyuma mgongoni aseme mapema, kwa kuwa titani huivuruga MRI na mpiga picha anahitaji kubadilisha mipangilio.

Kutoka hapo, maamuzi hugawanyika kwa gharama ya kila kosa. Kuita ukuaji bandia kuwa saratani humnyang'anya mgonjwa dawa nzuri au humtia kwenye kisu. Kuita saratani kuwa ukuaji bandia humwachia uvimbe muda wa kuufikia ugwe. Ndani ya mfupa, kosa la kwanza ndilo la kuogopwa zaidi katika miezi sita ya mwanzo, kwa hiyo subira hushinda. Karibu na ugwe, kosa la pili ndilo linalopooza watu, kwa hiyo subira hukatwa.

Ripoti iliyoandikwa na mtu anayeyajua hayo yote huwa fupi. Yaweza kusema hivi: "Pingili ya kumi ya kifua, iliyopewa grei 24 kwa siku mbili, mwezi wa nne. Doa limeongezeka milimita nne upande wa mbele, lote ndani ya eneo la dozi kubwa. Nafasi ya ugwe haina uvimbe. Hakuna mvunjiko mpya. Yaelekea ni ukuaji bandia. Tiba isibadilishwe kwa picha hii pekee. MRI irudiwe baada ya wiki nane, mapema zaidi miguu ikilegea." Daktari akiipokea ripoti ya namna hiyo anajua la kufanya, na binti aliyemsindikiza babake ana tarehe ya kurudi na dalili za kuangalia hadi siku hiyo.